Mbuzi Niliyemnunua Mara Mbili

Safari moja ya Zombe ilinigharimu mbuzi watatu (au wanne, hesabu yenyewe mpaka leo ina kesi), koti la kahawia lenye vifungo vyote, nusu kilo ya sukari, nauli ya lori, na jina langu. Jina nimelitaja mwisho kwa sababu siku ile ndilo lililoniuma kidogo kuliko yote, ingawa ndilo ambalo halijarudi. Na nikisema nilipata aibu, msidhani ni ile ya kujikwaa mbele ya watu ukainuka ukajipangusa ukaenda zako. Hii yangu watu waliiketia kwenye mabenchi, wakaiombea, halafu wakainywea chai.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilikuwa na miaka ishirini na saba, sina mke, sina shamba, nafanya biashara pale Sultan Hamud. Biashara gani? Iliyopo. Sufuria, magunia matupu, betri za redio, kuku, na mbuzi nikipata mtaji. Watu wa pale waliniita Punguza, kwa kuwa hilo ndilo neno nililolitoa kabla hata ya salamu, na sikuwa nimewahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote. Mng'oa meno mmoja nilimwambia apunguze akanijibu jino tayari liko mkononi mwake, nikamwambia basi apunguze la pili. Na kila kitu nilihesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya wengine, mara ya pili kwa sababu yangu mwenyewe.

Sasa Kioko. Kioko tulikua naye milima ya Kilungu, tukakaa dawati moja miaka saba, tukaiba machungwa kwa watu walewale. Alipofika miaka kumi na tisa, wakati sisi wengine tunatafuta viatu vya soli nene, yeye akaoa. Kuoa ni neno la heshima. Ukweli ni kwamba alimtoa Mutheu kwao asubuhi moja, wakapanda basi na sanduku moja la bati, wakaenda kuishi Zombe, kule mashariki ya Kitui, ambako mjomba wake alikuwa amempa kipande cha ardhi na ambako (hapo Kioko alipiga hesabu nzuri) baba mkwe angehitaji mabasi matatu kufika. Mimi nilimcheka. Nilimwambia amefunga duka kabla ya kulifungua.

Mwaka wa kwanza alinijia. Alikuwa na mbuzi wawili, wa tatu angempata, akaniomba twende wote kwa Mzee Mulwa, babake Mutheu, nisimame naye na nimsemee, maana kwetu mwanamume hajipelekei mbuzi wa ndoa kama anayepeleka maziwa hotelini. Nikamwambia nina shughuli. Sikuwa na shughuli. Nilikuwa namwogopa Mzee Mulwa, aliyewahi kunikuta juu ya mchungwa wake akaniachia nishuke mwenyewe, pole pole, huku amesimama chini na mkanda. Kioko alienda peke yake, akafika langoni pa mzee, akarudi na mbuzi wake.

Kwa wasiotoka kwetu, mbuzi hao watatu wanaitwa ntheo. Mahari nyingine unaweza kulipa hata miaka ishirini, wazee watakungoja, lakini hao watatu wasipofika na mmoja wao akaliwa na pande zote mbili, mke bado ni binti wa babake, na watoto ni wa babake, na siku akiamua anakuja kuwachukua kama mtu anayefuata jembe lake aliloliazimisha. Haya yote nilikuwa nayajua. Mtu wa pwani angesamehewa.

Basi ikapita miaka minane sijamtembelea Kioko, mpaka nikasikia mbuzi wa Zombe wameshuka bei. Nikafunga safari. Asubuhi ya soko nikanunua wawili kwa mtu mmoja, mabeberu wazuri, baada ya kubishana naye mpaka akaniuliza kama nina mama. Nikawa nafunga pochi ndipo akanijia mzee mmoja amevaa kofia ya majani, anaburuta mbuzi jike mnono, pembe moja imekatika.

"Kijana, chukua na huyu. Mia moja na ishirini."

"Mia moja na ishirini?" nikasema, nikajiandaa.

"Haya, mia."

Sikuwa nimesema lolote! Bei imeshuka bila mimi kuisukuma, jambo ambalo lingemtia wasiwasi mtu yeyote mwenye akili, lakini mimi nilijiona bingwa. Mzee akasema ana haraka, mchana ana kikao cha mambo ya watu, akahesabu pesa zake akaondoka upesi kuliko umri wake. Nikahesabu mbuzi. Watatu. Nikahesabu tena. Watatu.

Lori la kuturudisha lilikuwa liondoke kesho yake asubuhi, na nafasi ya mbuzi nilikuwa nimeilipia. Nikaenda kwa mwenye zizi la soko.

"Shilingi tatu kila mbuzi, mpaka asubuhi," akasema.

"Tatu? Wanalala kitandani?"

"Basi kalale nao barabarani."

Tatu mara tatu ni tisa. Nikapiga tena, bado tisa. Hapo ndipo nikamkumbuka Kioko. Kwake si zaidi ya saa moja kwa miguu. Mbuzi watalala bure, mimi nitalala bure, nitakula bure, na tena nitaonekana mtu mwema niliyemkumbuka rafiki. Hiyo ndiyo hatua ndogo iliyozaa mengine yote. Shilingi tisa.

Nikanunua nusu kilo ya sukari ya kumpelekea mama mwenye nyumba (mwenye duka aliipima pungufu kidogo ili nami nimpe pungufu kidogo, tulielewana), nikavaa koti langu la kahawia, la mtumba lakini huwezi kujua, nikafunga vifungo vyote vitatu ingawa jua la Zombe lilikuwa linapasua mawe. Nilitaka Kioko aone kwamba mtu ambaye hakuoa mapema amevaa nini. Halafu kulikuwa na sababu ya pili. Shati langu lilikuwa na kola nzuri na kifua kizuri, lakini mgongo ulikuwa umeisha, na fundi wa Sultan Hamud alikuwa ameniwekea mwingine wa kitambaa cha gunia la unga wa ngano. Nilimshusha bei mpaka akakataa kuyatoa maandishi ya gunia.

Saa tisa alasiri nikawa nalikaribia boma la Kioko, kamba tatu mkononi, jasho limeshuka mpaka kwenye soksi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anachota maji kwenye pipa akainuka, akaweka mkono juu ya macho, akatuhesabu kwa kidole. Halafu akaachia kigelegele kilichomkalisha chini mbuzi wangu mmoja.

"Watatu! Jamani ni watatu!"

Nikafikiri, hawa watu wana ukarimu. Wanawake wengine wakatokea na leso zao kichwani, wakaimba, wakanizunguka, mmoja akanipokonya kamba na mwingine akanishika mkono wa koti, tukaingia ndani ya boma hivyo, na mimi natabasamu kama mheshimiwa.

Ndani kulikuwa na mabenchi ya kanisa na watu kama thelathini. Tabasamu likaanza kupungua. Upande mmoja wameketi wazee watatu wenye vumbi la safari kwenye viatu, na wa katikati, mwenye fimbo, nilimtambua mara moja, kama nilivyomwona kutoka juu ya mchungwa: Mzee Mulwa. Alikuwa sasa mzee wa kanisa, mvi kichwa kizima. Upande wa pili, kwenye kigoda, Kioko, mikono katikati ya magoti, kama anayesubiri daktari amwite. Na mlangoni pa jikoni alisimama Mutheu. Kando yake lilikuwa lile sanduku la bati, limefungwa kwa kamba ya katani, kuzunguka mara mbili. Binti zake wawili walikuwa wameketi juu yake, wamevaa viatu na soksi. Siku ya Alhamisi! Watoto wa Zombe hawavai soksi Alhamisi ila wakisafiri.

Nilielewa yote kwa pamoja. (Baadaye nilielezwa yaliyobaki: mdogo wake Mutheu alikuwa amepata mchumba aliye tayari na mbuzi wake, na mzee hawezi kupokea mbuzi wa mdogo wakati wa mkubwa hawajaonekana. Kwa hiyo amepanda yale mabasi matatu. Ama mbuzi watatu leo, ama anarudi na binti na wajukuu wake.) Babake Kioko alikuwa marehemu, na yule mjomba naye, kwa hiyo upande wake alikuwa akisemewa na jirani, aliyekuwa amesimama katikati akiomba wangoje mpaka mavuno. Jirani huyo aliponiona alikata maneno, akaketi, akavuta kofia yake mpaka puani. Kofia ya majani. Wakati ule sikuiangalia.

"Kijana," akasema Mzee Mulwa. "Wewe si yule wa machungwa?"

"Ni mimi, mzee."

"Naona umeshuka." Akaniangalia, akaangalia mbuzi. "Hawa mbuzi ni wa nani?"

Sasa hapo, jamani, mtu mwaminifu angesema ni wangu, ni wa biashara, wanaenda Sultan Hamud, samahani kwa usumbufu. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Lakini nikaona wale watoto na soksi zao, na Kioko ananitazama, na akili yangu ikapiga hesabu haraka: Kioko ni mkulima, lazima ana zizi, nikisema ni wake, wazee watakula, wataondoka, kesho asubuhi atanipa watatu wengine kutoka zizini, na labda nichague mwenyewe.

"Ni wa Kioko, mzee," nikasema. "Mimi nimetumwa tu kuwaleta."

"Ulitumwa lini?"

"Zamani kidogo."

"Basi ulichelewa sana njiani."

Watu wakacheka, vigelegele vikarudi, mtu akanisukumia benchi. Mutheu hakupiga kigelegele. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayeangalia mawingu bila kuamini kuna mvua.

Wazee wakainuka kukagua. Wakafungua midomo ya mbuzi, wakashika mbavu, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mimi nikaanza kuona fahari, maana ni mimi niliyechagua. Ndipo akaja mama mmoja mnene, na birika la chai mkononi, anataka naye aone. Akamtazama yule jike mwenye pembe moja. Akaweka birika chini.

"Krismasi?"

Mbuzi akageuza shingo.

"Krismasi!"

Mbuzi akalia, akavuta kamba, akaenda kumpangusia pua kwenye leso. Sijawahi kuona mnyama akitoa ushahidi upesi namna ile.

"Woi! Huyu ni mbuzi wangu! Nimemlea mimi, hii pembe nilimfunga mimi kwa kitambaa! Na asubuhi nimeambiwa ameliwa na fisi!"

Mtu nyuma akasema neno mwizi. Hakulisema kwa nguvu, lakini lilitembea benchi kwa benchi. Nikasimama.

"Mama, mimi si mwizi. Mimi nimenunua sokoni, pesa taslimu. Nimeuziwa na mzee mmoja ana..." Na ndipo nikaiona kofia. Kidole kikatangulia akili. "Ni huyu hapa!"

Mama akageuka. Alikuwa anaitwa Syombua, nilijua baadaye, na yule msemaji wa Kioko, tegemeo lake pekee pale kikaoni, alikuwa mume wake, Mzee Muli.

"Baba Ndunge," akasema Syombua taratibu sana. "Si uliniambia fisi?"

"Hata mimi nashangaa, Mama Ndunge."

"Ulilia na mimi, Baba Ndunge. Tukaomba."

"Fisi wa siku hizi wanajua mpaka siku ya soko!" sauti ikasema kutoka nyuma, na mabenchi yakaanza kutikisika kwa kicheko. Mzee Muli akainuka, akasema anaenda mara moja kuangalia ng'ombe, akapita nyuma ya jiko. Ng'ombe wake, niliambiwa, walikuwa upande ule mwingine.

Kwa hiyo katika muda wa kikombe kimoja cha chai nilikuwa nimemletea rafiki yangu mbuzi wa wizi na nimemfukuzia msemaji. Kabla sijafika alikuwa na matumaini ya mavuno. Sasa hakuwa hata na hayo.

Mzee Mulwa akachukua fimbo yake. "Wawili si watatu," akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Nilijua hana watu. Mutheu, chukua watoto."

Watoto wakashuka kwenye sanduku. Mutheu akajifunga leso vizuri kiunoni, akainama, akashika mkono wa sanduku. Kioko akasimama, akaketi, akasimama. Halafu akaniangalia. Ilikuwa ile ile namna aliyoniangalia miaka minane nyuma nilipomwambia nina shughuli: halaumu, anangoja tu kuona kama nimemaliza kusema.

"Mzee," nikasema, "nipe dakika kidogo."

"Za nini?"

"Za biashara."

Nikamgeukia Syombua, mbele ya watu thelathini, na kusema kweli hapo nilijisikia nimefika nyumbani. Kubembeleza wazee sijui, lakini bei ni kazi yangu.

"Mama, mbuzi huyu ni wako, sibishani. Unamuuza ngapi?"

"Simuuzi. Ni wa Krismasi."

"Kila kitu kina bei, mama."

"Haya. Mia tatu na hamsini."

Asubuhi nilikuwa nimempata kwa mia. "Punguza."

"Mwambie fisi apunguze."

Watu wakapiga makofi. Nikajua nimekutana na mwenzangu. Nikaanza na mia na hamsini, nikamwonyesha ile pembe iliyovunjika, akaniambia hakuna anayekula pembe. Nikasema mbuzi ni mzee, akaniuliza nimeoa, nikasema bado, akasema basi sijui mzee ni nini. Nikapanda mia mbili, ambayo ndiyo yote niliyokuwa nayo pamoja na nauli yangu ya lori, nikaongeza na sukari. Akaichukua sukari, akaipima kwa kiganja.

"Hii si nusu kilo."

"Ni nusu."

"Kijana, mimi nimepima sukari kabla hujazaliwa. Kwa kunidanganya, mia nne."

Bei inapanda! Katika maisha yangu yote ya kuuza na kununua sijawahi kuona bei ikipanda kwa mnunuzi aliye mbele ya mbuzi. Mzee Mulwa alikuwa bado amesimama na fimbo. Mutheu alikuwa amelinyanyua sanduku upande mmoja na kulishusha, akabadilisha mkono.

"Mama Syombua," nikasema, na sauti hiyo sikuijua ilitoka wapi, "sina zaidi. Mia mbili ndiyo yote. Sema tu unachotaka."

Ni neno ambalo mfanyabiashara hasemi. Ni kama kuvua nguo. Na kweli.

"Nataka hilo koti," akasema.

"Koti?"

"Mia mbili, sukari, na koti. Baba Ndunge atalivaa kila Jumapili kanisani, mimi nikiwa nyuma yake nalitazama, ili akumbuke fisi."

Nilifikiria yale maandishi. Nilifikiria mara mbili. Halafu nikafungua kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikalivua koti nikampa, nikabaki na shati, nimewageukia watu kifua, nikatembea kinyumenyume kuelekea benchi langu kama kaa. Ningefika. Lakini nyuma yangu palikuwa na benchi la wazee wa kike, na mmoja wao alikuwa katika masomo ya gumbaru, yale ya watu wazima, anasoma kila kitu anachokutana nacho, kuanzia kopo la mafuta mpaka mlango wa choo. Nikasikia sauti ya kizee, ya furaha, inatafuta herufi mgongoni mwangu kwa kidole.

"U... nga. Unga! Sa... fi. Unga safi! Ki... lo... ti-si-ni. We-ka... ma-ha-li... pa... ka..." Akasita. "Pakavu! Weka mahali pakavu!"

Na mgongo wangu ulikuwa umelowa chapachapa.

Wakampigia makofi yule mama kwa kusoma, halafu wakaangalia kile alichokuwa anakisoma, na hapo kikao kikaisha kuwa kikao. Watu walianguka kwenye mabenchi. Mmoja alisema wamtafutie Unga kivuli asiharibike. Mwingine akauliza kama kilo tisini ni pamoja na soksi. Kioko, niliyemwokoa, alikuwa wa tatu kucheka, nilihesabu. Hata wale wazee wawili wengine wenye vumbi walishikana mabega. Mutheu alianza kwa kuziba mdomo na leso, mwisho akaliketia lile sanduku lake na kucheka mpaka machozi, na nadhani si yote yalikuwa ya kicheko.

Wa mwisho alikuwa Mzee Mulwa. Alikohoa, akakohoa tena, akaegemea fimbo, mabega yakatikisika. Kisha akajifuta macho, akaketi.

"Nilisema hana watu," akasema. "Kumbe anao. Wamevaa gunia, lakini anao. Haya, hesabuni hao mbuzi."

Watatu. Nilihesabu nao.

Walipotaka kumfunga wa kuchinja, Syombua alikuja akafungua kamba yake shingoni mwa Krismasi, akaikunja, akaitia chini ya kwapa. "Kamba haikuwa kwenye bei," akasema, na kwa kweli haikuwa. Wakaanza kutafuta kamba nyingine. Hapo Mutheu akainuka, akapiga magoti, akaifungua ile kamba ya katani kwenye sanduku, mizunguko yote miwili, akampa mumewe. Ndiyo iliyomfunga Krismasi. Sanduku likarudi ndani. Watoto wakavua soksi.

Kabla ya chakula Mzee Mulwa, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, aliomba maombi marefu, akashukuru kwa ajili ya wageni na kwa ajili ya unga, na watu wakasema amina kwa taabu. Mimi nilimnong'oneza Kioko, "Zizi lako liko upande gani?"

"Zizi gani?"

"La mbuzi."

"Mbuzi? Kiangazi kilimaliza wote mwaka juzi, bwana. Nina kuku sita."

Nikala sahani mbili. Ningefanya nini?

Asubuhi Mzee Mulwa alinilipia nauli, kwa sharti kwamba nimshikie mbuzi wake njiani, kwa hiyo nilisafiri nyuma ya lori katika nafasi niliyoilipia mwenyewe, nimeshika kamba mbili za mbuzi niliowanunua mwenyewe, kwa niaba ya mwenye mali aliyeketi mbele na dereva. Kioko alinisindikiza mpaka lori. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na ndoa haikumwongezea.

"Mwaka ule nilikuomba twende," akasema.

"Nilikuwa na shughuli."

"Najua. Umemaliza?"

Nikafikiri kidogo. "Nimemaliza," nikasema, na lori likaondoka.

Tangu siku ile Zombe nzima inaniita Unga Safi. Nikifika sokoni watoto wananiuliza kama nimekaa mahali pakavu. Nimeapa sitembei tena na mbuzi watatu. Nanunua wawili, au wanne, na nikibakiwa na pesa ya mmoja zaidi nanunua kuku. Na zizi la soko nalilipia, shilingi tatu kila mbuzi, kimya kimya.

Lakini kuna jambo linalonifanya niandike. Miaka miwili baadaye mvua ilinyesha vizuri, Kioko akapata mbuzi, akaniletea habari kwamba atanirudishia wangu. Alikuwa ameshawafunga kamba watatu, anatoka langoni, Mutheu akamsimamisha. Akamwambia mbuzi watatu wakionekana wanatoka boma lile kurudi kwa yule aliyewaleta, kabla ya jioni kila jiko la Zombe litasema ndoa imerudishwa, na babake atakuwa kwenye basi la kwanza. Kwa hiyo wakakubaliana wanilipe mmoja mmoja, kila mwaka mmoja, tena apitie njia ya nyuma.

Sasa ni wangapi? Kioko anasema watatu. Mimi nasema wanne, kwa sababu Krismasi nilimnunua mara mbili, na mara ya pili kwa koti. Mutheu anasema wawili, kwa sababu Krismasi tulimla wote, na mimi nilikula sahani mbili, alihesabu. Mpaka leo nimepokea mmoja, na kila nikitaka kudai wa pili naona langoni pa Mzee Mulwa kijana wa miaka kumi na tisa amesimama peke yake na mbuzi wawili, na hesabu inanichanganyikia. Ninyi mlio na watu wenu, nisaidieni: mngeanza kuhesabu kutoka siku ile ya gunia, au kutoka siku niliyosema nina shughuli?